Vijiti vya Kitambaa Chekundu

Kule bustanini waliniita Bibi Vijiti, na jina hilo nimelitolea jasho. Nitaeleza lilikotoka, ila niacheni nianze na mimea yenyewe, maana bila hiyo mtaona nalalamika tu kama wazee wengine.

Mimi napenda mimea isiyo na mti ndani yake, ile ambayo ukiivunja kwa vidole viwili inavunjika, na ndani unakuta maji na nyuzi tu. Mwalimu wetu wa darasa la nne alituandikia ubaoni kwamba iko ya namna tatu. Mengi aliyotufundisha yameshanitoka, lakini hilo lilibaki, kwa sababu mama naye alikuwa akinifundisha lilelile kwa jembe.

Kuna inayoishi msimu mmoja. Mchicha ndio huo: unaota, unakimbilia juu, unamwaga mbegu, unakauka, kwisha habari yake. Kuna inayotaka miaka miwili. Karoti mwaka wa kwanza inajaza akiba yake chini, na sisi wenye pupa tunaing'oa hapo hapo. Ukiistahimilia, mwaka wa pili inatoa shina refu na maua meupe yaliyotandaa kama mwavuli, unapata mbegu, kisha inakufa. Lakini karoti ya mwaka wa pili si ya kula tena. Katikati inaota kiini kigumu, unatafuna kama unatafuna kalamu ya risasi. Hilo la kiini mliweke kichwani.

Namna ya tatu ndiyo iliyonipa jina. Hiyo juu hufa kila kiangazi. Majani yananyauka, shina linaoza, upepo unazoa mabaki, unabaki udongo mtupu kama kiganja. Mpita njia atakuapia kwamba hapo hapana kitu. Kumbe chini tunguu limelala, na mvua ya kwanza ikigonga mlango linaamka.

Mama alikuwa na ua la namna hiyo. Shina moja nene kama kidole gumba, na juu yake mpira mwekundu wa nyuzinyuzi, mkubwa kuliko ngumi mbili. Jina lake la vitabuni silijui. Kwetu liliitwa Mgeni, maana halikutangazii siku ya kuja. Unaamka tu unalikuta limesimama.

Bustani yetu ya ushirika iko nyuma ya kiwanda cha zamani cha sabuni. Vipande ishirini na vinne, bomba moja, ua wa mabati. Kipande changu ndicho kilicho karibu na bomba, na kilikuwa cha mama kabla yangu. Kanuni ya ushirika ni moja na watu wanaijua hata usingizini: mwisho wa kiangazi Katibu anapita na daftari, na kipande atakachokikuta kitupu anapewa mwingine. Sasa mwaka ule mama alipofariki, Katibu wa zamani nusura aniandikie "kitupu," na Wageni kumi na mmoja wamelala pale chini ya viatu vyake. Nikachonga vijiti kumi na moja, nikafunga kila kimoja kitambaa chekundu, nikachomeka kila alipolala mmoja. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwaka uliofuata wenye tangawizi wakaiga, na wenye manjano, mwishowe ikaingizwa kwenye kanuni: penye kijiti chekundu pana mmea umelala, pasipo na kijiti ni patupu. Basi nikawa Bibi Vijiti.

Vitambaa vilitoka kwa mdogo wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na watu wote wanamwita Fundi. Nimemzidi miaka kumi na moja. Mama alipoondoka yeye alikuwa na miaka kumi na tano, nikamlea mimi, nikamsuka nywele, nikamkalisha kwenye cherehani ya mama hadi akajua kupiga mshono ulionyooka. Kila kiangazi alinikatia vipande vyekundu kwa mkasi wake wa meno. Wasioujua: ni mkasi mzito ambao makali yake yamechongwa kama msumeno, ukikata kitambaa pembeni panabaki vimeno vimeno, na nguo haifumuki. Mkasi ule alikuwa haugusishi kitu kingine. Siku moja nilitaka kukatia gazeti, akanipiga kofi mkononi.

"Dada! Huu ni wa nguo tu. Ukikatia kingine unauua."

"Basi mama mkwe, nimekoma," nikamwambia, tukacheka.

Sasa mwaka juzi nikatolewa mtoto wa jicho. Daktari akanionya kwa kidole kama mtoto: wiki sita usiiname, usishike udongo, usikae kwenye vumbi. Kilikuwa kiangazi. Vijiti vyangu nilishavichomeka, na kando yake nilikuwa na mstari wa karoti za mwaka wa pili, thelathini na mbili, nilizoziacha kwa ajili ya mbegu. Karoti zile mbegu yake ilikuwa ya mama, haiuzwi dukani.

"Nitakuangalizia mimi," mdogo wangu alisema. "Wewe lala ulee jicho."

Alikuja kila siku baada ya kufunga kazi. Ananifungua bandeji, ananitia dawa ya matone, anaifunga tena, anakaa ukingoni mwa kitanda na kunipa habari za bustani.

"Wageni wako wanakoroma, dada. Nimewamwagia maji kidogo."

"Usiwamwagie! Wakilala hawataki maji, wataoza."

"Haya, sitawamwagia. Hata kulala kwao kuna masharti kuliko kwako."

Wiki ya tatu akaniletea bakuli la karoti zilizochemshwa. "Kula, ni nzuri kwa macho." Nikala. Ziliniletea taabu, nikatema kipande kwenye kiganja.

"Karoti gani hizi? Zina mti ndani."

"Za sokoni. Siku hizi kila kitu sokoni kina mti ndani."

Nikacheka, nikaendelea kutafuna kwa heshima yake. Mimi niliyeotesha karoti miaka arobaini. Jicho moja lilikuwa limefungwa na la pili lina ukungu, lakini ulimi ulikuwa wangu mwenyewe na uliniambia, nikakataa kuusikia.

Wiki ya sita nikaondolewa bandeji. Lo, dunia! Niliona nyufa za ukuta wangu, niliona sisimizi, niliona mikunjo yangu kwenye kioo nikaomba kurudishiwa ukungu. Nikachukua kofia yangu ya ukindu nikaenda bustanini. Langoni nikakutana na jirani yangu wa kipande, mama mmoja tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima.

"Bibi Vijiti! Hongera ya kupumzika."

"Kupumzika wapi? Ndio kwanza narudi."

Akanyamaza. Redio kunyamaza si jambo dogo. Kisha akasema taratibu, "Si ulimwachia mdogo wako kipande? Ameandikishwa wiki iliyopita. Alisema mwenyewe umechoka."

Nilitembea hadi kwenye bomba. Tuta langu lilikuwa limelimwa laini, limetandazwa nyasi kavu, na miche ya mchicha imesimama kwa mistari mizuri, mistari iliyonyooka kama mshono. Hapakuwa na kijiti hata kimoja. Mstari wa karoti haukuwepo. Nikatazama pale zilipokuwa, na lile bakuli likanirudia mdomoni.

Katibu, dada mmoja mwembamba aliyekuwa zamani karani wa posta, alinifungulia daftari. Mwandiko wake ni safi. *Kipande cha bomba. Hakuna mmea, hakuna kijiti. Mwenyewe ameacha kwa ajili ya afya. Ameshuhudia: mdogo wake. Amepewa: mdogo wake.*

"Vijiti vilikuwepo," nikasema. "Kumi na moja."

"Bibi, mimi sikukuta hata kimoja. Naandika ninachokiona."

Akaitwa Mwenyekiti, mzee mpole aliyekuwa fundi bomba kabla ya kustaafu, na mdogo wangu naye akaitwa. Alikuja na futi yake ya kupimia bado imening'inia shingoni. Hakunitazama usoni. Alinishika bega kwa upole, mbele ya watu, akasema maneno ambayo hadi leo yananiamsha.

"Dada, wale Wageni ulishawachimba mwenyewe baada ya mvua za mwaka jana. Ukawagawa. Umesahau?"

"Niliwagawa kwa nani?"

"Ndiyo hayo nasema, mpenzi wangu. Hukumbuki."

Hakuna jirani aliyeweza kuapa kama vijiti alivyoviona vilikuwa vya kiangazi hiki au cha mwaka jana, wakatazama chini. Nikaona kwenye nyuso zao ile huruma mbaya, ile wanayopewa wazee ambao hawaulizwi tena kitu. Mwenyekiti akachukua jembe, akachimba kidogo pembeni, kiasi cha kiganja. Udongo tu. Nikawaambia wachimbe zaidi, kwamba tunguu la Mgeni lina mizizi minene inayolivuta chini kila mwaka, na haya yalikuwa hapo tangu enzi za mama, yameshazama kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Katibu akasema miche ya watu itaharibika.

"Tufanye hivi," Mwenyekiti akaamua. "Mvua i karibu. Ikinyesha, tutasubiri siku kumi na nne. Kitu chochote kilicholala kikitoka chini ya huo mchicha, kipande ni cha Bibi. Kisipotoka, ni cha Fundi. Kuna mwenye neno?"

Mdogo wangu akasema, "Ni haki."

Mvua ilinyesha siku nne baadaye. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda kidogo, nilikuwa langoni. Hamna kitu. Kesho yake tena. Mchicha wake unaota, unapendeza, majani kama sikio la mtoto. Tangawizi za Redio zikatoa ncha zake za kijani. Manjano za Mwenyekiti nazo. Kwangu, kimya. Siku ya saba nikaanza kujiuliza: je, kweli niliwachimba? Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikajaribu kukumbuka mvua za mwaka uliopita, nikawapitia mmoja mmoja, nani alikuja, nani alipewa nini. Nikajiona nimewashika mkononi. Nikajiona ninampa mtu. Sura ya huyo mtu haikuja. Nikaogopa sana, nikarudi nyumbani nikafungua makabati kuhakikisha naujua mpangilio wa vikombe vyangu.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda tena. Wiki sita za kutoinama zilikuwa zimepita siku nyingi, ila sikuwa nimeinama bado, kwa woga tu. Siku hiyo nikapiga magoti. Nikafunua nyasi zilizotandazwa katikati ya mistari miwili ya mchicha.

Kilikuwepo kisiki. Kidogo, kinene kama kidole gumba, kimekatwa usawa wa udongo, chenye rangi ya kijani na madoa ya zambarau kama shina la Mgeni lilivyo. Nikafunua nyasi mbele kidogo. Cha pili. Nikatambaa na tuta lote kwa magoti, na mchicha ukinigusa mashavu. Vilikuwa kumi na moja. Vingine vilikatwa siku nyingi, vimeanza kukauka. Kimoja bado kilikuwa kinatoka majimaji. Kilikatwa asubuhi hiyohiyo.

Nililala kifudifudi, jicho langu jipya karibu kabisa na udongo. Kila kisiki ukingo wake ulikuwa na vimeno vimeno.

Chumba cha kushonea cha mdogo wangu ni mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Alikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, sare za bluu zimepangwa hadi kwenye dirisha. Kopo la mikasi lilikuwa pale pale lilipo siku zote. Nikautoa mkasi wa meno. Kwenye mashimo ya meno ulikuwa na utomvu uliokauka, wa kahawia.

Cherehani ikasimama.

"Umekata nini na huu?"

"Kitambaa."

"Kitambaa gani kina utomvu?"

Akavua pete ya kusukumia sindano, akaiweka mezani, akaichukua tena. "Mkasi mwingine ulikuwa umefungwa kwenye kabati," akasema. "Nilikuwa na haraka. Watu walikuwa wanakaribia kuja kumwagilia."

Ndivyo alivyokiri, kama mtu anayeeleza kwa nini mshono umepinda.

"Ungeniomba kipande."

"Ungenipa?"

"Ningekupa nusu."

"Nusu." Akacheka bila furaha. "Dada, wewe kila mwaka kitu chako kinarudi chenyewe. Unakaa kwenye ndoo unasubiri, kinakuja. Mimi nikimaliza sare inabebwa, naanza nyingine. Mama alipokuwa anakata roho alikuita wewe chumbani. Mimi aliniambia nikaangalie maji jikoni."

"Ulikuwa mtoto."

"Maji yalichemka mpaka yakaisha. Hakuna aliyeniita."

Hilo sikulijua. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemsuka nywele na sikulijua. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kama angeishia hapo, pengine ningeinuka nikamkumbatia, na kipande akachukua. Lakini lilikuwepo lile lingine, limenikaa kifuani kama mfupa.

"Vijiti uling'oa, sawa. Karoti za mama ulinilisha, sawa, zimeshaliwa. Kwa nini uliniambia mbele ya watu kwamba nimesahau?"

Akatazama mkasi mkononi mwangu.

"Kwa sababu nilijua utakaribia kuamini," akasema.

Nikauweka mkasi kwenye kopo lake. Nikiwa mlangoni akaniuliza, "Utawaambia?"

"Nitawaonyesha kilichopo."

Siku ya kumi na nne wakaja wote, hata wasiokuja kumwagilia. Nikapiga magoti, nikafunua nyasi, nikanyoosha kidole. Mwenyekiti akainama karibu na kisiki cha kwanza, akakigusa ukingo kwa dole gumba. Redio, ambaye hawezi kuona kitu akakihifadhi, akapaza sauti:

"Makubwa! Konokono wa siku hizi wanatembea na mkasi wa meno!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika, kimoja kimoja, kila mtu alipomaliza hesabu kichwani mwake. Redio akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na bomba, mikono ndani ya aproni.

Mwenyekiti akachimba kwa mikono, kama alivyokuwa akichimbia mabomba yake, taratibu, bila kuumiza. Mkono ulizama hadi kwenye kiwiko. Akatoa tunguu kubwa kama ngumi, mizizi yake minene na myeupe imekunjamana kama shingo yangu.

"Kipande ni cha Bibi Vijiti," akasema. Kisha akanitazama. "Na aliyekata?"

Wote wakamgeukia Fundi, lakini walikuwa wanasubiri mimi niseme. Nikachukua tunguu mkononi mwake, nikalirudisha shimoni, nikalifukia.

"Mwenyekiti, kanuni inazungumzia kipande. Hilo lingine halina kanuni."

Mdogo wangu alifungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi, akafunga bomba, akatoka langoni. Katibu alikata mstari mmoja kwenye daftari na kuandika mwingine.

Mwaka ule Mgeni hakuchanua hata mmoja. Ukimkata shina la ua hatoi jingine hadi mwaka ufuatao. Majani yalikuja kwa kuchelewa, machache, akajilisha nayo akalala tena. Mchicha wa mdogo wangu niliuacha ukomae, maana mimea haikunikosea, nao ukamwaga mbegu na kukauka. Hadi leo unaota pale nisipoutaka, kati ya mistari yangu, na kila wiki naung'oa.

Kiangazi kilipofika nikachonga vijiti. Ndipo nilipokumbuka kwamba sina kitambaa. Miaka thelathini vitambaa vilitoka sakafuni kwake. Nikachukua mtandio wangu mwekundu, nikauchana kwa mkono na meno, vipande kumi na kimoja, nikafunga.

Ninapokaa kwenye ndoo yangu, upepo ukiwa upande wa mtaa, naisikia cherehani yake ikienda, ikisimama, ikienda. Wageni walichanua mvua iliyofuata, wote kumi na mmoja, wekundu kupita kiasi. Watu walikuja kuwatazama hadi wa mtaa wa pili. Yeye hakuja.

Na vitambaa vile vya mtandio havikufika mwisho wa kiangazi. Vya zamani vilikuwa vinakaa msimu mzima bila kutoka uzi. Hivi vyangu, mwezi wa pili tu vilishafumuka, vimebaki nyuzi zinazopepea, na mimi kila asubuhi nakwenda nazifunga upya.